Rosemary Karuga na Pakiti za Unga
Mtoto wa Chechelesi, hapa Isiolo, anayependa kuchora huambiwa asubiri hadi rangi zinunuliwe, na kusubiri huko huua kipaji. Wazazi wenzangu, tumtazame msanii Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928 huko Meru, kwa majirani zetu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Chuo cha Makerere, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi huku sanaa yake mwenyewe ikibaki nyuma. Alipokaribia umri wa miaka 60, vifaa vya sanaa vikiwa ghali kwake, aligeuza mtindo: alikata pakiti za unga na za sabuni, akabandika kipande kwa kipande hadi wakatokea wanyama na watu wa kijijini wakiwa kazini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum, Harlem, Marekani. Alifariki 2021 nchini Ireland, akiheshimiwa kama msanii aliyewafungulia wengine njia. Walimu wa Isiolo, msingoje bajeti: wapeni watoto makasi, gundi na pakiti tupu, kisha bandikeni kazi zao ukutani wazazi wazione.