KIKOHOZI HAKIULIZI TIKETI

Mwaka huu nimechagua kuzungumzia jambo ambalo wengi hapa shuleni wataona halituhusu ndewe wala sikio. Nalo ni ukaguzi wa afya kwa wasafiri wa ndege, hasa wale wanaosafiri kwa ajili ya biashara, wakati dunia imeingiwa na janga. Najua kuna atakayeguna, "Sisi watu wa Jericho na ndege wapi na wapi? Ndege yetu si ni matatu ya Jogoo Road?" Basi huyo namwomba anisikilize kidogo. Maoni yangu ni kwamba ukaguzi uwanjani ni wa lazima, uwe wa kipimo kimoja kwa watu wote, na gharama yake isitupiwe mtu mdogo. Tukikosea hapo, atakayeumia ni jirani ambaye hajawahi hata kuiona ndege ikiwa chini.

Hebu turudi nyuma hadi mwaka wa 2020, wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi. Tarehe 26 Februari mwaka huo ndege ya shirika la China Southern ilitua katika uwanja wa Jomo Kenyatta ikiwa na abiria 239. Wakati huo ugonjwa wa Korona ulikuwa umeshika kasi nchini China, na shirika letu la Kenya Airways lilikuwa limekwisha simamisha safari zake za Guangzhou tangu mwisho wa Januari. Abiria hao waliruhusiwa kwenda zao wakiambiwa wajitenge wenyewe kwa siku 14. Wananchi walihamaki, na siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikaamuru safari za kutoka China zisimamishwe kwa siku 10.

Lakini angalieni lililofuata. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, tarehe 13 Machi 2020, hakutoka China. Alikuwa Mkenya mwenzetu aliyetoka Marekani kupitia London, akafika Nairobi tarehe 5 Machi. Ugonjwa wake ulithibitishwa tarehe 12, yaani wiki nzima baada ya kutua. Sisemi haya kwa kumlaumu, kwani kuugua si dhambi. Nasema ili tuone kwamba macho yetu yote yalikuwa yameelekezwa kwenye mlango mmoja, ilhali ugonjwa uliingilia mlango mwingine.

Hapa pana somo la sayansi. Kile kibunduki cha joto tulichoelekezewa pajini mwa uso hupima joto, hakipimi virusi. Mtu aliyeambukizwa Korona aliweza kukaa kati ya siku 2 na 14 kabla ya kuona dalili yoyote, na wengine hawakuona dalili kabisa. Isitoshe, aliyemeza vidonge vya kutuliza homa angaliko angani, akifika kwa daktari wa uwanjani ni baridi kama maji ya mtungi. Kwa hiyo kipimajoto peke yake ni kama mlinzi anayemkamata mwizi ambaye amekuja na ngazi begani. Yule aliyevaa suti na tai anapita akisalimiwa.

Mtauliza, kama ni hivyo, ukaguzi wa nini? Mgala muue na haki yake umpe. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpoksi nchini, msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda, naye aligunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta. Vipele vya mpoksi huonekana kwa macho, na afisa aliye macho anaweza kuviona. Ukaguzi unafaa, ila lazima ulingane na ugonjwa wenyewe. Wa vipele, tazama ngozi. Wa homa, pima joto. Wa kujificha kama Korona, pima puani, uliza maswali, kisha umfuatilie mtu hadi nyumbani kwake.

Sasa nije kwetu Jericho. Ugonjwa ulifika kwa ndege, lakini adhabu yake ilishuka kwa miguu hadi Eastlands. Safari za abiria kutoka nje zilifungwa tarehe 25 Machi 2020, na siku mbili baadaye ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyekuwa na gari na kazi ya ofisini alifanyia kazi yake sebuleni. Muuza chapati wa karibu na soko la Jericho, ambaye biashara yake huanza watu wakitoka kazini, alifunga jiko wakati wateja ndio kwanza wanashuka matatu. Waliochelewa barabarani walionja rungu la polisi. Tarehe 6 Mei majirani zetu wa Eastleigh wakafungiwa mtaa mzima, asiingie mtu wala asitoke. Na ule ushauri wa "jitenge katika chumba chako" ulituchekesha kwa uchungu. Nyumba zetu mnazijua. Chumba hicho cha kujitenga ndicho jikoni, ndicho cha kulala watoto, na ndicho cha kufanyia hesabu za shule.

Simaanishi wasafiri wa biashara ni watu wa Karen na Runda tu. La hasha! Viatu, mikoba na vyombo tunavyovinunua Gikomba na Kamukunji vingi vimefuatwa Dubai au Guangzhou na kina mama na vijana wa mitaa kama yetu. Jirani yetu mmoja, ambaye sisi vijana humwita Mama kwa heshima, ni mmoja wao. Huchanga pesa na wenzake wawili, mmoja akasafiri kwa niaba ya watatu. Nilimuuliza hesabu ya safari wakati wa Korona, akanihesabia kwa vidole: tiketi, viza, ada ya mizigo, kupimwa kabla ya kuondoka, na kupimwa tena kabla ya kurudi. "Kijana wangu," akaniambia, "hiyo ya kupimwa pekee ilikuwa inakula faida ya gunia zima la viatu." Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Dalali mmoja mjini alimnong'oneza kwamba cheti kinapatikana kwa bei nafuu, tena bila hata kuguswa pua. Mama alikataa. Anaishi na mama yake mzazi aliyekula chumvi nyingi, na alihofia kumletea kifo ndani ya mkoba.

Mama alikataa. Wangapi walikubali? Desemba 2021 Dubai ilisimamisha abiria wa ndege kutoka Nairobi. Maelezo yaliyotolewa hapa na wakuu wa usafiri wa ndege ni kwamba abiria waliokuwa na vyeti safi vya Nairobi walikuwa wakipimwa kule na kukutwa na ugonjwa. Januari 2022 Kenya nayo ikalipiza kwa kuzuia ndege za abiria kutoka huko. Vizuizi vya upande ule havikuondolewa hadi mwisho wa Januari. Mwezi mzima na zaidi, msimu wa Krismasi na wa kurudi shule, mfanyabiashara mdogo alikaa mikono kifuani. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ndizo zile za Gikomba.

Na si mara ya kwanza ukaguzi kugeuzwa silaha ya ugomvi. Safari zilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 2020, Kenya iliweka sharti la cheti cha kupimwa kisichozidi saa 96 na joto lisilozidi nyuzi 37.5. Sharti zuri. Lakini Tanzania haikuwa katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa mwanzoni, nayo ikajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways hadi katikati ya Septemba. Jameni, ndugu wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja, kila mmoja anafunga anga lake! Aprili 2021 Uingereza nayo ikatutia katika orodha yake nyekundu, tukalipiza. Virusi havikujali orodha ya yeyote.

Wapo wanaosema kwamba ukaguzi mkali unaua biashara. Sitawapuuza. Nchi hii inakula kwa ndege: maua ya Naivasha huruka usiku kwenda Ulaya, watalii huja kwa ndege, na hoteli nyingi za mjini huishi kwa mikutano ya wageni. Mwaka wa 2014, Ebola ilipovamia Afrika Magharibi, Kenya Airways ililazimika kusimamisha safari za Monrovia na Freetown mwezi wa Agosti, na ilikuwa hasara. Hata hivyo Ebola haikuingia kwetu. Mnamo 2020 tulichelewa, tukafunga karibu kila kitu, na maua yenyewe yakatupwa shambani kwa kukosa wanunuzi. Linganisheni hasara hizo mbili. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wafanyabiashara wa Venice walilijua hilo karne nyingi zilizopita, walipoziweka meli kando kwa siku 40 kabla ya mabaharia kukanyaga mji, na ndipo lilipotoka neno letu karantini. Walikuwa wanapenda pesa sana watu wale, lakini walijua maiti hanunui kitu.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kipimo kiwe kimoja. Mheshimiwa aliyetoka mkutanoni Ulaya na Mama aliyetoka Dubai na mizigo yake wasimame foleni moja. Mlango wa wakubwa ukiwepo uwanjani, ugonjwa nao utaupenda.

Pili, wakati wa janga upimaji wa lazima ulipiwe na serikali, au bei yake ipunguzwe mtu aimudu. Mnamo 2020 waliowekwa karantini ya lazima walitakiwa kujilipia, wengine wakakwama humo kwa kushindwa na bili, hadi Mei serikali ilipotangaza kwamba italipia vituo vya umma. Ukimfanya mtu alipe asichokuwa nacho ili aseme ukweli, umemfundisha kusema uongo.

Tatu, vyeti bandia viadhibiwe kuanzia kwa anayeviuza. Dalali anayeuza cheti cha afya hana tofauti na anayeuza sumu kwa chupa ya sharubati. Na vyeti vihakikishwe kwa mtambo, nchi kwa nchi, kama Umoja wa Afrika ulivyoanza kufanya wakati wa Korona. Kitabu cha manjano cha chanjo kimetambuliwa na mataifa kwa miaka mingi, basi hata hili linawezekana.

Nne, ukaguzi usiishie uwanjani. Msafiri akifika mtaani apigiwe simu, atembelewe na mhudumu wa afya wa jamii, na kama nyumba yake haina nafasi ya kujitenga, apewe mahali pa heshima pa kukaa siku zake. Pawe mahali ambapo mtu aweza kumtaja bila aibu, maana pakifanana na jela watu watajificha, na mficha maradhi kilio humfichua.

Wenzangu, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona tarehe 5 Mei 2023, na tangu hapo tumeshaona mpoksi. Jingine litakuja, na huenda likatua Embakasi saa nane za usiku sisi tukiwa tumelala. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mtakuwa wauguzi, maafisa wa uhamiaji, marubani na wafanyabiashara wa kuruka huku na huko. Siku hiyo mtakapokuwa nyuma ya ile meza, na mbele yenu amesimama mtu mwenye suti, haraka nyingi na pasipoti ya rangi ya kutisha, mpimeni. Na akija nyuma yake mama aliyechoka, na mizigo yake imefungwa kwa kamba, mpimeni kwa adabu ile ile.

Kalamu naiweka chini.