Muhogo ukisikia kiu, tusipunguze siku za kuloweka

Kiangazi kimeshika. Tangu mwezi wa sita mvua imetuaga, na tunaihesabia siku hadi mwezi wa tisa. Juma lililopita mama mmoja wa kikundi alituita shambani kwake. Muhogo wake ulikuwa umeangusha karibu majani yote, akadhani umekufa. Tulichimba shina moja pamoja naye, tukakuta mizizi mizima. Muhogo haukufa, ulikuwa unajilinda.

Mmea husikiaje ukame? Mizizi ndiyo ya kwanza kusikia udongo umekauka. Hapo mwili wa mmea hutengeneza homoni, nayo hufika mpaka kwenye majani kama mtoto aliyetumwa. Katika kila jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kitundu kina midomo miwili. Homoni ikifika, midomo hiyo hufunga, maji yasipotee. Lakini hewa ambayo jani hutumia kutengenezea chakula nayo hupita hapo hapo. Ndiyo maana mmea wenye kiu haukui: umefunga mlango wa jiko.

Kila mmea una desturi yake. Mahindi hukunja majani kama mkeka, na yakikosa maji wakati wa kutoa maua, hukosa punje. Muhogo hufunga midomo yake mapema, huangusha majani ya zamani, kisha huishi kwa akiba yake mpaka mvua irudi.

Chumvi nayo huleta kiu. Tukimwaga kwenye bustani ya lenga-lenga maji tuliyooshea samaki wa chumvi, udongo unaonekana umelowa, lakini chumvi inayashika maji na mizizi inashindwa kuyanywa. Mboga inanyauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Maji hayo tuyamwage mbali na bustani.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu inayoulinda na wanyama na wadudu. Ukipata kiu, sumu hiyo huongezeka ndani ya mizizi. Kwa hiyo muhogo wa kiangazi si sawa na muhogo wa masika, hata kama umetoka shamba moja. Na wakati huo huo ndipo sisi, kwa sababu ya njaa au haraka ya soko, tunapunguza kuloweka. Siku tatu zinakuwa usiku mmoja. Tuseme ukweli, wengi wetu tumekwisha kufanya hivyo.

Matokeo yake yana jina: konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kwango, hapa hapa Kongo, na daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, bila homa, na haiponi tena. Inapiga hasa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ilipiga watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1985 ukame uliileta Tarime, Tanzania. Na katika jimbo letu la Kivu ya Kusini imekwisha kuonekana Burhinyi.

Tufanye nini? Kwanza, tumenye muhogo, tuuloweke siku tatu mpaka ulainike, kisha tuanike vizuri. Pili, kama unga umenunuliwa na hatujui ulilowekwa siku ngapi, tuutie kwenye beseni, tuweke alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Tutie maji tukikoroga. Unga utashuka; tuongeze maji mpaka urudi kwenye alama. Kisha tuutandaze juu ya mkeka, uwe mwembamba usiozidi upana wa kidole, ukae saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Tupike bugali siku hiyo hiyo. Njia hii ilianza kutumiwa na wamama wa Popokabaka mwaka 2010.

Tatu, bugali isiende peke yake. Maharagi na ndagala husaidia mwili kuishinda sumu. Sombe nayo tuitwange vizuri na kuichemsha kwa muda mrefu.

Hapa Lusenda, wenyeji na ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi, tunanunua unga kwenye soko moja. Mama mmoja akipunguza kuloweka, mtoto wa mwenzake ndiye anayekula. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kikikutana juma hili kikubaliane neno moja: siku tatu, hata kama njaa inatusukuma. Na mkiona mtoto ameanza kutembea kwa shida ghafla, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, mkaseme anakula nini nyumbani.