Anayebaki Kituoni



Tunapozungumzia usafiri wa mjini, kwa kawaida tunauliza maswali mawili: chombo kitafika saa ngapi, na nauli ni kiasi gani? Maswali hayo ni ya haki, kwa maana aendaye kazini anaishi kwa saa na kwa senti zake. Lakini lipo swali la tatu, nalo huulizwa kwa nadra: ni nani aliyebaki kituoni wakati sisi tumekwisha kuondoka? Juma hili nawaalika tulitafakari swali hilo kwa kuutazama mji wa Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Mji huo umeyajibu maswali mawili ya kwanza kwa ustadi mkubwa. Hilo la tatu umelijibu kwa kusukumwa, na kwa machozi.

Tuanze na sifa, kwa kuwa anayestahili sifa apewe. Njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi mjini Seoul ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1974. Leo njia ni nyingi, kila moja ina rangi yake, na kila kituo kina namba, hata mgeni asiyejua kusoma Kikorea aweza kuhesabu vituo na kufika aendako. Njia ya pili, ya rangi ya kijani, huuzunguka mji kama mkufu shingoni. Mwaka 2004 mji uliyapanga upya mabasi yake: ya buluu kwa safari ndefu za kukatiza mji, ya kijani kwa kuwafikisha watu kwenye vituo vya treni, na mekundu kwa wakaao katika miji ya pembezoni. Tangu hapo msafiri hugusisha kadi moja anapopanda na anaposhuka. Akishuka basini na kuingia katika treni ndani ya dakika 30, safari huhesabiwa kuwa moja, na nauli hufuata umbali. Kuanzia Juni 2025 nauli ya kuanzia ya treni kwa mtu mzima mwenye kadi ni won 1,550. Hakuna kubishana juu ya chenji, wala kulipa upya kila ubadilipo gari.

Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1984 wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi husafiri bure katika treni hizo, na watu wenye ulemavu walioandikishwa nao hawalipi. Hilo ni jambo jema, na taifa lililoliamua lastahili heshima. Lakini tiketi ya bure yamfaa nini mtu asiyeweza kulifikia jukwaa? Treni ya chini ya ardhi, kama jina lake lisemavyo, iko chini. Na kati ya barabara na jukwaa zipo ngazi. Kwa mwenye miguu mizima, ngazi ni dakika moja ya kuhema. Kwa aliye katika kiti cha magurudumu, ngazi ni ukuta.

Kwa miaka mingi vituo vingi havikuwa na lifti. Mahali pake pengine palifungwa vyombo vya kuinulia viti vya magurudumu, ikiwa ni pamoja na majukwaa madogo ya umeme yatambaayo polepole kandokando ya ngazi. Tarehe 22 Januari 2001, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kikorea, wakati ambapo familia hukusanyika, mume na mke, wazee wenye ulemavu, walikuwa katika kituo cha Oido, kusini-magharibi mwa Seoul. Chombo cha kuwainua kilianguka nao. Mke alifariki dunia, mume aliumia vibaya. Mwaka uliofuata mtu mwingine alikufa kwa kuanguka katika kituo cha Balsan. Na mwezi Oktoba 2017, katika kituo cha Singil, mtu aliyekuwa katika kiti cha magurudumu alianguka ngazini alipokuwa akijaribu kukifikia kitufe cha kumwita mhudumu. Aliaga dunia mwanzoni mwa mwaka 2018. Watu hao hawakuwa wakifanya jambo la hatari. Walikuwa wakisafiri tu, kama mimi na wewe tusafirivyo.

Baada ya msiba wa Oido watu wenye ulemavu walianza kudai haki ya kutembea mjini. Walijibiwa kwa ahadi. Meya aliyechaguliwa mwaka 2002 aliahidi lifti katika vituo vyote kufikia mwaka 2004. Mwaka 2004 ukapita. Mwaka 2015 meya mwingine akaahidi kwamba kazi ingekamilika mwaka 2022. Mwaka 2022 nao ukapita, kazi ikiwa bado na viporo. Tusiwe wachoyo wa ukweli: kazi kubwa ilifanyika, na kufikia mwaka huo vituo zaidi ya tisa katika kila kumi vilikuwa na lifti. Sheria ya kuwarahisishia usafiri wenye shida ya kutembea ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwishoni mwa mwaka 2021 ilirekebishwa ili mabasi ya mjini yanapochakaa, mapya yawe ya sakafu ya chini, isipokuwa pale ambapo barabara haifai. Lakini kwa yule ambaye kituo cha nyumbani kwake ndicho kisicho na lifti, tisa katika kumi ni sawa na sifuri.

Basi, kuanzia Desemba 2021, watu wenye ulemavu walichukua hatua iliyoutikisa mji. Walikwenda vituoni asubuhi, saa ambayo kila mtu anakimbilia kazini, wakapanda treni mmoja mmoja na viti vyao vya magurudumu. Milango haikuweza kufungwa kwa wakati. Treni zilichelewa, na nyuma yake nyingine zikachelewa pia. Hawakudai lifti peke yake, bali na fedha za serikali kwa ajili ya elimu, kazi, na maisha nje ya majumba ya kulelea watu wenye ulemavu. Abiria wengi walikasirika. Polisi waliitwa, kampuni ya treni ikaenda mahakamani kudai fidia, na siku nyingine wanaharakati hao waliondolewa vituoni kwa nguvu.

Ndugu msomaji, sipendi tuwadharau waliokasirika. Yupo mfanyakazi wa kibarua ambaye akichelewa hukatwa mshahara. Yupo mgonjwa aliyekuwa na miadi ya daktari, na yupo mwanafunzi aliyekuwa na mtihani. Hao hawakujenga ngazi wala hawakuvunja ahadi yoyote. Wakisema, “Kwa nini nilipe mimi deni la serikali?” wana hoja, na mtu mwenye haki hana budi kuisikiliza.

Hata hivyo, naona hoja hiyo haifiki mwisho wa safari, kwa sababu tatu.

Kwanza, ucheleweshaji haukuanza mwaka 2021. Ulianza miaka mingi kabla, ila ulikuwa umegawanywa kwa watu wachache, kimyakimya. Mtu anayezunguka vituo viwili ili apate lifti, mtu anayeacha kazi kwa kuwa njia haipitiki, huyo amechelewa kila siku ya maisha yake. Lakini hakuna kipaza sauti kilichowahi kutangaza kuchelewa kwake. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Abiria wa Seoul walionjeshwa nusu saa ya kile ambacho wenzao walikinywa kwa miaka ishirini.

Pili, tujiulize njia nyingine ilikuwa ipi. Barua ziliandikwa, mikutano ilifanyika, tarehe zilitajwa na kupita. Anayemwambia mwenzake asubiri, hana budi kumwambia pia hadi lini, na kuiheshimu tarehe hiyo. Subira ni fadhila kwa yule anayesubiri. Haiwezi kuwa kisingizio cha yule anayesubirisha.

Tatu, tazameni wanaozitumia lifti hizo leo. Yumo bibi mwenye maumivu ya magoti, yumo mama mwenye kigari cha mtoto, yumo msafiri na mizigo yake ya uwanja wa ndege, yumo kijana aliyevunjika mguu akicheza mpira. Wengi wao hawajui kwamba mlango ule unaofunguka kwa kubonyeza kitufe ulidaiwa na watu walioitwa wasumbufu. Kilichoombwa kwa ajili ya wachache kimewabeba wengi. Na Korea ni nchi inayozeeka kwa kasi: wengi waliolalamika asubuhi zile watazihitaji lifti hizo wao wenyewe, kama watajaliwa miaka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ubora wa usafiri wa mji haupimwi kwa kasi ya treni wala kwa mng'ao wa vituo, bali kwa safari ya yule mwenye shida kuliko wote. Akiweza kutoka nyumbani peke yake, bila kuomba kubebwa na bila kuhofia roho yake, mji huo una usafiri wa umma. Asipoweza, una usafiri wa baadhi ya umma, hata kama saa zake hazikosei. Na fedha za lifti zisihesabiwe kuwa sadaka kwa wanyonge. Ni sehemu ya gharama ya kujenga kituo, kama zilivyo reli na taa.

Safari ijayo, milango itakapokuwa ikifungwa mbele yetu na sisi tumo ndani, tugeuze macho kidogo tumtazame aliyebaki nje. Huenda hajachelewa yeye. Huenda tumechelewa sisi kumjengea njia.