Jeraha la Kazini Liandikwe Jinsi Lilivyotokea

Mwezi huu sitazungumzia malaria wala lishe ya watoto. Nitazungumzia maneno machache yanayoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa, ambayo yanaweza kuilisha familia au kuiacha na njaa.

Mwaka 2017 aliletwa kwetu kijana aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno wa mashine ulikuwa umemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Aliyemleta ni msimamizi wake. Nilipouliza imekuwaje, kijana alitazama chini na msimamizi akajibu, "Kajikata na panga nyumbani, Mama." Damu ilikuwa ikimtoka, na wagonjwa wengine walikuwa wakisubiri. Nikaandika kama nilivyoambiwa. Wakubwa wake walilipa bili, wakampa fedha kidogo, naye akatia dole gumba kwenye karatasi asiyojua kuisoma.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye alirudi na mkewe. Kazi alikuwa ameshaachishwa. Aliomba hospitali imthibitishie kwamba aliumia kazini. Nikafungua faili. Mwandiko ulikuwa wangu: panga, nyumbani. Kidonda chake tulikiponya vizuri, lakini haki yake nilishiriki kuizika.

Ndugu zangu, sheria ipo. Zamani Tanzania Bara ilitumia sheria iliyotoka enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na 83,000 kwa kifo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Anayechangia Mfuko huo ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hupata matibabu. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kulingana na ukubwa wake, na akifariki, mjane na watoto hupata pensheni.

Lakini sheria haimfuati mtu kitandani. Kwa hiyo shikeni haya:

1. Mweleze nesi na daktari ukweli: uliumia wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, nani aliona. Omba yaandikwe.

2. Mtaarifu mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa maandishi, na ubaki na nakala. Naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7.

3. Tunza kila karatasi: cheti, picha ya eksirei, risiti, hati ya mshahara, kitambulisho cha kazi.

4. Madai yafikishwe kwenye Mfuko ndani ya miezi 12. Msisubiri mpaka kidonda kipone kabisa.

5. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa na mtu unayemwamini.

Msisahau magonjwa yanayokuja polepole: kifua cha mvunja kokoto, masikio ya mwendesha mashine, ngozi ya mpuliza dawa shambani. Haya pia yanaweza kuwa yametokana na kazi. Mgonjwa asipotaja kazi yake, nasi tusipomwuliza, tutampa dawa ya kikohozi na kumrudisha kwenye vumbi lilelile.

Wengi huniambia, "Nesi, nikidai nitafukuzwa." Hofu hiyo naielewa, maana watoto wanataka kula. Lakini fidia hulipwa na Mfuko, haitoki mfukoni mwa bosi siku ile. Mwajiri aliyechangia hana sababu ya kuficha ajali. Anayeficha mara nyingi anaficha jingine: hajajisajili, au mashine yake haina kinga na anaogopa wakaguzi. Ukimlindia siri hiyo, kesho mashine ileile itamkata mwenzako.

Je, lazima kuwa na wakili? Si kila mara. Ajali ikiandikwa vizuri na mwajiri akatimiza wajibu wake, madai huenda bila wakili. Mwajiri akikana kwamba ulikuwa mtu wake, au ulemavu wako ukipimwa chini ya ulivyo, hapo tafuta msaada. Uamuzi wa Mfuko unaweza kuombewa kutazamwa upya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaowahudumia bure wasio na uwezo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Jihadharini na vishoka wanaotaka wagawiwe fidia ya mlemavu.

Kwetu wauguzi nasema bila kuficha: kuuliza "uliumia wapi?" ni sehemu ya matibabu kama kufunga bandeji. Msimamizi akimjibia mgonjwa, mwombe atoke nje, kisha uliza tena. Na katika kila jumuiya ndogondogo, apatikane mmoja anayejua kusoma fomu, wa kumsindikiza aliyeumia.

Yule kijana sasa huuza mahindi ya kuchoma kwa mkono wa kushoto. Hunisalimia vizuri kila tunapokutana. Salamu hiyo ndiyo inayoniuma.