Jibu sahihi lililowapoteza wanahewa

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 1943, rubani mmoja Mwamerika aliyekuwa angani kaskazini mwa Afrika aliomba kwa redio aelezwe mwelekeo wake. Kituo kilimjibu kwa nambari: nyuzi 330. Nambari hiyo haikuwa na kosa. Hata hivyo, rubani huyo na wenzake wanane hawakurudi kambini, na ilipita miaka 15 kabla ya ndege yao kuonekana tena. Kisa hiki chafaa kusomwa darasani, wala si katika somo la historia pekee.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya B-24 Liberator, ndege nzito ya mabomu yenye injini nne, nayo ilibandikwa jina Lady Be Good. Alasiri ya tarehe 4 iliondoka Soluch, karibu na Benghazi nchini Libya, ikiwa miongoni mwa ndege 25 zilizotumwa kuishambulia bandari ya Naples nchini Italia. Rubani wake alikuwa Luteni William Hatton, na kikosi chake kilikuwa hakijapata kwenda vitani hata mara moja. Dhoruba ya mchanga ilizirudisha ndege kadhaa. Hatton aliendelea, lakini alipoikaribia Naples giza lilikuwa limekwisha kuingia na shabaha haikuonekana. Akageuza ndege, mabomu yakatupwa baharini, na safari ya kurudi ikaanza gizani, ndege ikiwa peke yake.

Ilipokuwa saa sita na dakika chache usiku, Hatton aliita. Kituo cha Benina kikapima mawimbi ya redio yalikotoka, kikampa kile kipimo. Hapo ndipo penye kiini cha mkasa. Antena ya aina ile huonyesha mstari ambao ndege imo, lakini haibainishi ndege iko upande upi wa mstari huo. Ndege inayokuja kutoka kaskazini-magharibi, ingali juu ya bahari, na ndege iliyokwisha kukipita kituo ikaelekea kusini-mashariki jangwani, zote mbili huleta kipimo kile kile. Wengi wa waliochunguza mkasa huu wanakubaliana kwamba Hatton alikuwa amekwisha kupita. Yeye na mwelekezaji wake waliamini wangali baharini, na nambari waliyopewa iliafikiana na imani hiyo. Wakaendelea mbele kwa muda wa karibu saa mbili, wakiuacha nyuma uwanja waliokuwa wakiutafuta.

Mafuta yalipokaribia kwisha, waliruka kwa parachuti. Parachuti ya mmoja wao haikufunguka vyema, akafa. Wanane wakakutana mchangani, wakaanza kutembea kuelekea kaskazini-magharibi wakiwa na maji nusu chupa tu. Ndege nayo iliendelea bila mtu ndani, ikatua kwa tumbo kilomita 25 hivi kutoka pale walipoangukia. Ndani yake mlibaki maji na chakula kidogo, na redio yake ilipojaribiwa miaka mingi baadaye ilikuwa ingali nzima. Wao hawakujua. Wenzao waliowatafuta waliwatafuta baharini.

Twayajua haya kwa sababu rubani msaidizi, Luteni Robert Toner, alikuwa na shajara mfukoni. Aliandika maneno machache kila siku, juu ya joto la mchana na baridi ya usiku, juu ya maji yaliyogawanywa tone kwa tone, juu ya macho yaliyokwisha kuuma na sala zisizokoma. Siku ya mwisho aliyoiandika ni tarehe 12 Aprili. Watano walikuwa wamekwisha kukomea mahali pamoja baada ya kutembea zaidi ya kilomita 100. Watatu walisonga mbele kutafuta msaada. Watu waliokuwa wakitafuta mafuta ya petroli waliiona ndege ile kutoka angani mwaka 1958, na mwaka 1960 maiti za wanane kati ya wale tisa zikapatikana. Mmoja, Vernon Moore, hajatambuliwa hadi leo.

Kwa mwalimu wa lugha, kisa hiki si kigeni hata kidogo. Sisi sote tumewahi kuandika ubaoni sentensi kama hii: "Baba alimpigia Juma mpira." Je, baba aliupiga mpira ukamwendea Juma? Au aliupiga kwa niaba ya Juma? Au alimwadhibu Juma kwa sababu ya mpira? Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haijitoshelezi. Anayeisikia huijaliza kwa yale anayoyajua tayari, au anayodhani anayajua. Muktadha ukiwa sahihi, maana hunyooka. Muktadha ukiwa wa kudhaniwa, msikilizaji hupotea naye ana yakini kamili kwamba ameelewa. Nyuzi 330 zilikuwa sentensi ya namna hiyo.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu wa Benina. Aliulizwa, akapima, akajibu kwa uaminifu. Wala simcheki Hatton, kwa maana sote tunaosoma habari hii leo tunaisoma tukiwa na ramani mkononi na mwisho wake tunaujua. Kilichokosekana usiku ule ni swali la pili: kipimo hiki ni cha mbele au cha nyuma?

Nami nina la kuungama. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu sentensi yenye utata, nikawataka waeleze maana mbili. Mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, anayesema ni nani, na anamwambia nani?" Nilimjibu kwamba mtihani hauulizi hayo, aandike maana mbili apate alama zake mbili. Darasa likacheka, naye akaketi. Mwanafunzi yule ndiye pekee siku hiyo aliyekuwa ameuliza swali la mwanaisimu, nami niliyelipwa kufundisha isimu ndiye niliyemnyamazisha.

Najua watakaosema kwamba madarasa yamejaa, silabasi ni ndefu na mitihani haingoji. Ni kweli tupu. Lakini sidai saa nzima. Nadai swali moja katika kila kipindi, baada ya jibu sahihi kutolewa: jibu hili ni sahihi kwa sharti gani? Mwalimu wa hisabati aulize kipimo hiki kimechukuliwa kutoka wapi. Mwalimu wa historia aulize nani alikuwa akisema na alisimama upande gani. Na mwanafunzi anayeonyesha kwamba swali lenyewe ni pungufu asihesabiwe mkaidi, apewe alama. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuridhika na jibu la kwanza, kwa sababu tu limeafikiana na tulichokuwa tukikitamani, ndiko ujinga.

Waliowafuata wanahewa wale jangwani walikuta alama walizokuwa wameziacha njiani: viatu vilivyopangwa chini na vipande vya parachuti vilivyowekewa mawe juu, vikaunda mshale wa kuonyesha walikoelekea. Watu waliopotezwa na nambari isiyo na mbele wala nyuma walihakikisha kwamba atakayewafuata hatakosea upande. Mshale una kichwa, na walioufuata miaka 16 baadaye hawakuwa na haja ya kukisia. Nasi tunapowapa watoto wetu majibu, tuhakikishe yana kichwa.