Posa ya ughaibuni ije na hati zake

MIZANI YA WIKI
Na Zuhura Kihiyo

Mshenga akifika na barua, wazee huuliza ukoo, dini, kazi ya kijana na tabia yake. Mahari hutajwa, na pengine tarehe ya sendofu hupangwa siku hiyohiyo. Kama kijana anaishi Hamburg au Leicester, kuna swali ambalo mara nyingi halifiki mkekani: ndoa hii itafungwa kwa sheria ya nchi gani, na siku mambo yakiharibika binti yetu atasimama mbele ya hakimu kama nani? Mimi naliweka swali hilo mbele ya mahari.

Desemba 1998, katika mkahawa mmoja London, imamu alifungisha nikahi mbele ya mashahidi na wageni. Bibi na bwana walikusudia ndoa ya kiserikali ifuate. Mke alikumbusha, mume akaahirisha, miaka ikapita, na watoto wanne wakazaliwa. Mwaka 2016 mke alipokwenda mahakamani kuomba talaka, mume alijibu kwamba kisheria hawakuwahi kuoana. Jaji aliyelisikiliza shauri hilo mwaka 2018 alisema ndoa ilikuwepo ila ni batili, na ubatili huo ungemfungulia mke njia ya kudai sehemu ya mali. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ya England na Wales ikatamka kwamba sherehe ile haikufikia hata kuwa ndoa batili.

Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nawafikiria wanawake wa Tanga, Mombasa na Unguja walioolewa kwenye sebule za ndugu huko Uingereza, picha zikatumwa nyumbani, sisi huku tukapiga vigelegele. Mbele ya Mungu ni wake za watu. Mbele ya sheria ya nchi wanayoishi, wengine wao ni wapangaji tu katika nyumba ya mtu.

Uchungu zaidi ni kwamba nikahi hiyohiyo, kama ingefungwa Unguja au Mombasa na mwenye mamlaka, ikaandikishwa, kwa kawaida England ingeitambua. Sheria yao hutazama mahali ndoa ilipofungwa na kuuliza kama taratibu za mahali hapo zilifuatwa, na kama wawili hao walikuwa huru kuoana. Kwa hiyo familia yenye kijana Uingereza ina njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kufunga ndoa nyumbani na kuiandikisha. Ya pili ni kwenda kwa msajili huko: kukaa katika wilaya husika siku 7 kamili, kutoa taarifa, kisha kusubiri siku 28, ambazo maafisa wa uhamiaji wanaweza kuzirefusha hadi 70 wakishuku kwamba ndoa ni ya kutafutia makazi. Anayesafiri kutoka huku kwenda kuoa au kuolewa na kurudi anahitaji viza ya wageni wa ndoa. Viza ya matembezi ya kawaida haimruhusu.

Ujerumani ni wakali zaidi. Ndoa wanayoitambua kwao ni ile inayofungwa Standesamt, ofisi ya msajili ya manispaa. Padri, mchungaji au imamu anaweza kubariki, ila baraka hizo hazimpi mke haki yoyote ya kisheria. Kifungu cha 1309 cha sheria yao ya madai kinamtaka mgeni alete kutoka kwao cheti kinachosema kwamba, kwa sheria za kwao, hakuna kinachomzuia kuoa au kuolewa. Cheti hicho kina uhai wa miezi 6. Anayetoka nchi isiyokitoa humwomba rais wa mahakama ya juu ya jimbo amsamehe sharti hilo. Bado kuna cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa makazi, na hati ya talaka kwa aliyewahi kuwa katika ndoa, vyote vikiwa na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Kwa Wakenya kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu Ujerumani iliacha kuidhinisha hati za Kenya kwa muhuri wa ubalozi pekee. Hati huchunguzwa moja moja hadi zilikotoka, kwa gharama ya mwombaji, na uchunguzi huo huchukua miezi.

Wengine huiita hali hiyo ubaguzi. Hasira hiyo naielewa, maana mtu mzima kuulizwa na ofisi ya kigeni kama kweli ni mtoto wa mama yake ni jambo linalouma. Hata hivyo, naomba tutazame madaftari yetu wenyewe kwanza.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka tangazo la siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ni utaratibu mzuri. Lakini sheria hiyohiyo inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu haikuandikishwa. Kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vifungu hivi vimewaokoa wanawake wengi, na sitaki viguswe. Ila sasa mfikirie kijana aliyeishi na mwenzake Mbagala miaka 3, akamwacha na mtoto, akapata safari, kisha akaenda kuapa kwamba hajawahi kuoa. Afisa wa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, akitafuta jina lake hataliona, kwa kuwa halikuandikwa popote. Cheti cha kutokuwa na pingamizi kitatoka, kitatafsiriwa, kitagongwa mihuri, na mwanamke wa Mbagala hatasikia lolote.

Zaidi ya hapo, sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambako ndoa husajiliwa na wakala mwingine kwa sheria nyingine. Mwenye mke Chake Chake anaweza kuonekana kapera Dar es Salaam.

Ili kukwepa mlolongo wa Ujerumani, wapo wanaokimbilia Denmark. Tangu 2019 maombi ya wageni wanaotaka kufunga ndoa huko hupitia ofisi moja ya taifa ya masuala ya familia, na kibali kikitoka kina uhai wa miezi 4. Karatasi ni chache kuliko Ujerumani, lakini nao hutaka uthibitisho kwamba mtu hana ndoa nyingine na kwamba yumo nchini kihalali.

Kwa upande wa Oman, ambako damu zetu zimechanganyika kwa vizazi, kwa miaka mingi raia wao alihitaji kibali cha serikali ili aoane na mgeni. Wapo mabinti wa Zanzibar walioolewa bila kibali hicho, wakabaki na watoto na mume asiyeweza kuwapeleka kwao kihalali. Amri ya Kifalme namba 23 ya 2023 ililegeza sana masharti hayo. Mzazi anayepokea posa kutoka Muscat aisome, na ahakikishe ndoa inaandikishwa kote kuwili.

Suala la umri sitaki kulipita. England na Wales, tangu Februari 2023, hakuna anayefunga ndoa kabla ya miaka 18, hata mzazi akiridhia. Ujerumani iliweka umri huo bila msamaha mwaka 2017. Sheria yetu ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15, na Mahakama ya Rufani, mwaka 2019 katika shauri lililoanzishwa na Rebeca Gyumi, ilithibitisha kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mzazi anayemwoza mtoto kwa mtu wa ughaibuni amemkosea mtoto huyo kabla hata ya kufika uwanja wa ndege.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee ni hili: barua ya posa ya ughaibuni iambatane na hati ya kijana kuonyesha hali yake ya ndoa katika nchi anayoishi na katika nchi alikozaliwa, na mshenga aeleze ni ofisi gani itakayoiandikisha ndoa na lini. Kijana mwenye nia njema hatakasirika. Mabinti nao waanze mapema kusahihisha majina yasiyolingana katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti, maana hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Kwa Serikali, mfungishaji ndoa, awe sheikh au mchungaji, anawajibika kupeleka kumbukumbu za ndoa kwa Msajili Mkuu. Bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria itakaposomwa Dodoma, nawaomba wabunge waulize ni kumbukumbu ngapi za misikiti na makanisa zilizofika RITA mwaka huu, na kama afisa anaweza kuzitafuta kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) pamoja na zile za Zanzibar.