Mficha Uchi Hazai: Tafsida na Ripoti ya Daktari

“Mficha uchi hazai,” walinena wahenga. Ajabu ni kwamba jamii iliyoitunga methali hii ndiyo inayoikiuka. Nyumba ikikosa mtoto, mke huitwa tasa kabla mume hajapimwa. Mume naye akithubutu kupimwa, huitwa hanithi, ilhali uhanithi ni kushindwa kujamiiana na ugumba ni kushindwa kuzaa.

Tiba, kwa upande wake, imepiga hatua. Mwaka 2006 walizaliwa Nairobi watoto wa kwanza wa Kenya ambao mimba zao zilitungishwa nje ya tumbo la uzazi. Leo, mume ambaye shahawa zake hazina mbegu anaweza kupasuliwa korodani, mbegu zikatafutwa humo, kisha moja ikadungwa ndani ya yai la mkewe. Baada ya upasuaji, korodani huweza kupigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Utafiti wa Schlegel na Su wa mwaka 1997 ulibainisha kuwa baada ya miezi mitatu wagonjwa wengi walikuwa bado na dalili za uvimbe au damu iliyovilia. Kufikia miezi sita, aghalabu dalili hizo zilikuwa zimetoweka na kuacha kovu au chembe za chokaa.

Je, mkulima wa mahindi wa Ndalu, baina ya Kitale na Bungoma, akikabidhiwa ripoti ya Kiingereza inayotaja doa jeusi, atawaza nini ila saratani? Naye amwulize nani, iwapo hata msomi wa Kiswahili hukwepa kulitamka neno korodani na kujificha nyuma ya “sehemu za siri”?

Tafsida ni sitara ya heshima, lakini si haki imvike mgonjwa giza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na TUKI ilikwisha kuchapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Isitoshe, kuvilia, uvimbe na kovu ni maneno anayoyajua kila mama ambaye mwanawe amewahi kuanguka. Kilichopungua si msamiati, bali ujasiri.

Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kushirikiana na matabibu ili ripoti hizi ziandikwe kwa lugha inayoeleweka. Kuamua doa ni la nini ni kazi ya daktari. Lakini mgonjwa aliyeelewa alichoambiwa ndiye atakayerudi kuchunguzwa tena, badala ya kujifungia nyumbani akisubiri kifo kisichomwandama.